Kome wa mkono wa shoto

"Huyu wako ni wa shoto, mwanangu," mzee aliniambia, akimgeuza kome wangu wa jiwe, yule konokono wa baharini, kiganjani taratibu, kama mtu anayekagua embe kabla ya kulinunua. "Bahari nimeivua miaka arobaini. Kome wa shoto sijapata kumwona."

Tulikuwa Soko la Jiji, barabara ya Muindi Mbingu, upande wa nyuma wanakouzia samaki. Nilikuwa nimetoka ndani ya jumba lenyewe, kwenye vibanda vya vinyago, kupeleka kazi, nikapitia kwake kununua kipande cha nguru cha jioni. Kwa mchongaji soko lile ni hazina. Huku mawe ya kwetu Kisii yamepangwa kwenye rafu yakiwa vibakuli, viboko na wapendanao waliokumbatiana. Ukitembea kidogo unakuta pweza, kaa na kamba wa Mombasa wamelala juu ya barafu. Miaka mingi nilipita katikati ya vitu hivyo viwili bila kuviunganisha.

Mzee ni mtu wa Lamu. Mezani kwake, kando ya mizani, alikuwa na gamba la kome wa kweli, kubwa kama ngumi, la kuzuia karatasi zisipeperuke. Akaniwekea mkononi. "Mshike hivi. Ncha juu, mdomo ukutazame wewe. Mdomo uko wapi?" Ulikuwa kulia. "Haya, sasa mshike wako." Nikamshika vilevile. Mdomo wa wangu ulikuwa kushoto.

Kome yule alinichukua siku 11. Nilimpiga msasa hadi namba 1000, nikampaka nta ya nyuki, na kila aliyemwona alimsifu. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kiumbe wa namna ile ni nadra sana baharini.

Kosa lenyewe nililitambua nikiwa ndani ya matatu, narudi Kawangware. Umbo nilikuwa nimelitoa kwenye picha ya gazeti. Niliweka karatasi nyembamba juu ya picha, nikafuatisha mistari kwa penseli laini, kisha nikaigeuza karatasi na kuisugua juu ya jiwe ili mistari ihamie. Ukiigeuza karatasi, kulia kunakuwa kushoto. Baadaye rafiki yangu anayechapa picha kwa bamba aliniambia kwamba hata Rembrandt, mchoraji yule Mholanzi, mwaka 1650 alichora gamba la bahari kwenye bamba la shaba jinsi alivyoliona kwa macho, na lilipochapwa karatasini likatoka limejipinda kinyume. Jina lake alikumbuka kuligeuza kwenye bamba ili lisomeke sawa, gamba hakuligeuza. Habari hiyo ilinifariji kidogo. Lakini swali lilikuwa limeshaniingia: kama sikujua hata mdomo wa kome uko upande gani, siku zote hizo nilikuwa nachonga nini?

Nimezaliwa Tabaka, Mugirango Kusini, ambako mtoto huchezea vipande vya jiwe kabla hajashika kalamu. Kwetu kazi iligawanywa zamani: wanaume wanachimba na kuchonga, wanawake wanapiga msasa, wanaosha na kung'arisha. Nilianza msasa nikiwa darasa la tatu, nimekaa kando ya mama, karai la maji katikati yetu, matope meupe hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimeshapitisha vidole juu ya mamia ya viboko, tembo na vibakuli kabla sijaruhusiwa kushika kisu. Wachongaji wengi huuita msasa kazi ya kumalizia, na maneno hayo huniuma mpaka leo. Anayepiga msasa ndiye anayejua umbo lote. Jicho hudanganywa na mwanga, na rangi ya jiwe pia huficha mambo, lakini ukifumba macho na kupitisha kidole gumba polepole, kivimbe kidogo kama punje ya ulezi hakikupiti. Mama alikuwa akinifunga leso machoni na kunipa kibakuli. "Niambie patasi iliteleza wapi." Nilikuwa namwambia.

Nilipokuja Nairobi mwaka 2009, nilipata kibarua cha msasa kwenye karakana moja ya vinyago. Nilikaa pale miaka mitatu. Nilipoomba kuchonga niliambiwa wateja hawataki kazi ya mwanamke, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliulizia. Nikaondoka, nikapanga chumba chenye kijiuwanja nyuma, nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, nikachongewa patasi nne kutoka chuma cha springi ya lori. Kisu cha kupinda ncha nilitoka nacho nyumbani. Tupa mbili, panga fupi, msumeno wa zamani, pipa la maji. Hizo zilinitosha, na mpaka leo karibu zinatosha. Grainda nimenunua baadaye na naitumia kwa mikato ya mwanzo tu, kwa sababu ya vumbi, nitakayoieleza.

Sisi wa Tabaka tulikua tukijua kwamba jiwe letu linaweza kufika mbali. Elkana Ong'esa ni wa kwetu, na ndege wake mkubwa wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Kwa hiyo ndoto nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kitu cha kwangu cha kusema. Kila kibanda kilikuwa na simba na twiga, nikaona nitachonga vya baharini kwa sababu hakuna mwingine aliyechonga, na kwa sababu nilikuwa sijawahi kuiona bahari na niliitamani. Nilichonga kasa kutoka kwenye picha, nikampa miguu ya kobe yenye kucha, na mgongoni nikampangia vipande vya pembe sita kama mpira wa miguu. Kasa hana miguu ile. Ana mapezi marefu kama kafi. Na mgongo wa kasa wa kijani una mpangilio wake: magamba matano makubwa katikati kutoka shingoni hadi mkiani, manne kila upande, na madogo yanayozunguka ukingo. Nilimuuza yule kasa. Sijui yuko wapi, na natamani ningemrudisha.

Sasa turudi kwenye kome.

Ilikuwa Aprili, mvua zimekolea. Nyuma ya nyumba nina magunia sita ya sukuma wiki, na wakati wa mvua konokono huyavamia usiku. Jioni ile ya mzee wa Lamu nilikuwa nawaokota na tochi kama kawaida ili niwatupe kwenye ndoo, nikasimama. Nikamwinua mmoja. Ncha juu, mdomo unitazame. Kulia. Nikachukua wa pili, kulia. Nilikagua 23 usiku ule, mvua ikininyeshea, na wote mdomo wao ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Walikuwa pale miaka yote, wananilia mboga.

Asubuhi nilikaa na gamba moja tupu, kubwa kiasi, mimi na kijana wangu ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita. Nilimwomba rula yake. Tulipima upana wa kila mzunguko kutoka karibu na ncha kushuka: milimita 4, kisha 6, kisha 9, kisha 13 na kidogo. Nilikuwa natafuta ni milimita ngapi zinaongezeka kila mara, na sikupata, kwa sababu nyongeza yenyewe ilikuwa inakua. Kijana akachukua kikokotoo, akakaa kimya, kisha akasema, "Mama, hajumlishi. Anazidisha. Kila mara moja na nusu."

Nikaenda ndani nikaleta dawa ya mbu, ile ya kijani ya kuwasha iliyojizungusha. Nikaiweka kando ya gamba. Nafasi kati ya mzunguko na mzunguko kwenye dawa ya mbu ni ileile, kutoka katikati hadi nje. Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimewachonga kome wangu wote. Ndiyo maana walikuwa wazuri na wamekufa. Jicho la mtu, hata asiyejua sababu, huona kwamba kitu hakikukua.

Maana gamba hukua. Konokono na kome hawana namna ya kupanua nyumba kutoka ndani kama sisi tunavyoongeza chumba. Wanaongeza mdomoni tu. Kila wanapokua wanapaka utepe mwembamba kwenye ukingo wa mdomo, na ukingo huo unageuka kuwa ukuta, na ukuta haubadiliki tena. Ile ncha ya juu kabisa ni nyumba ambayo alitoka nayo kwenye yai. Bado ameibeba. Ukishika gamba mkononi umeshika umri wake wote, kutoka utoto hadi siku aliyokufa, umejizungusha mahali pamoja.

Mimi kazi yangu ni kuondoa. Jiwe linakuja kubwa, napunguza. Kome anaanza na kitone, anaongeza. Nilikaa na jambo hili wiki nzima bila kuchonga chochote, kwa sababu niliona kwamba ili nimpate inabidi mikono yangu iondoe kwa kufuata safari ya yule anayeongeza. Mchoro wa bapa uliosuguliwa juu ya jiwe hauwezi kunifikisha huko.

Nikatafuta jiwe. Hapa niseme jinsi ninavyochagua, kwa sababu vijana wengi huniuliza. Jiwe letu likitoka machimboni lina unyevu na ni laini, unaweza kulikwangua kwa ukucha. Likikaa linakauka na kuwa gumu kidogo, ndiyo sababu naliloweka. Ni zito kuliko linavyoonekana: kipande cha sentimita 30 kila upande kinakaribia kilo 75, na kimesafiri kilomita 300 hivi kwa lori kupitia Narok, kikigongana na wenzake. Kwa hiyo usinunue kwa rangi. Kwanza kigonge kwa mpini wa nyundo. Kizima kinalia kama sufuria. Chenye ufa kinatoa sauti ya gunia. Kisha kimwagie maji kote, ukiweke juani, ukae nacho. Uso unakauka haraka, unapauka. Lakini kama kuna ufa, maji yameingia ndani yake, na kwa dakika chache utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele unabaki wakati kwingine kote kumekauka. Kisha nao unatoweka. Dakika hizo chache ndizo jiwe linapokuonyesha ugonjwa wake. Ukiingia ndani kunywa chai umezikosa.

Nilipata kipande cheupe chenye mshipa wa waridi upande mmoja. Sikuchora juu yake. Nilianza kwa kutafuta mhimili, mstari ambao kome mzima anajizungusha juu yake kutoka ncha hadi chini, nikauweka alama pande zote mbili za jiwe. Nikalichonga kwa panga hadi likawa kama pia ya kuchezea, nene, iliyosimama. Kisha nikachukua uzi wa katani, nikaufunga kwenye ncha na kuuzungusha kuteremka, nikiongeza nafasi kwa kuzidisha, moja na nusu, moja na nusu, nikirekebisha mpaka kijana wangu akaridhika na rula yake. Kulia. Nilikagua mara tano kwamba ni kulia. Nikapitisha penseli kando ya uzi, nikautoa, nikaanza kufungua mfereji kwa kisu.

Mdomo ndio ulioninyima usingizi. Ndani ya kome kuna giza linaloendelea. Macho lazima yaamini kwamba njia inapanda na kuzunguka hadi juu, hata kama mimi siwezi kufika huko. Nilitoboa kwa drili mashimo sita karibukaribu, nikavunja kuta kati yao kwa patasi nyembamba, kisha kazi iliyobaki ikawa ya kisu cha kupinda na kidole. Niliingiza kidole cha shahada mpaka kikome, nikasikiliza ukuta. Nilikuwa nagonga nje kwa ukucha: sauti ikiwa nzito ukuta bado mnene, ikiwa nyepesi niache. Ukingo niliufikisha milimita 4. Siku hiyo sikula mchana.

Halafu nikaweka mistari ya ukuaji. Niliikwangua kwa ncha ya kisu, mamia, sambamba na ukingo wa mdomo, kisha nikaipiga msasa wa maji, namba 220, 400, 600, mpaka macho yasiione vizuri lakini kidole kiisome. Mahali pamoja, robo ya mzunguko kutoka mdomoni, niliacha tuta nene kidogo. Nilikuwa nimeliona kwenye lile gamba la mezani kwa mzee. Kuna wakati kome anaacha kukua, ananenepesha ukingo wake, na akianza tena ule ukingo wa zamani unabaki mgongoni kama kovu. Mshipa wa waridi ulipita juu ya tuta lile bila mimi kupanga.

Pweza alinifundisha kwa njia ngumu zaidi. Hoteli moja ya pwani iliniagiza pweza wa jiwe, mikono minane imetandazwa na kuinuka juu hewani kama anaogelea. Wazo lilikuwa langu, walilipenda. Nilimchonga miezi miwili. Siku ya kumtoa kwenye kitanda cha mchanga tulimwinua watu watatu, na mkono mmoja ukakatika kwenye shina na sauti ndogo kavu ambayo bado naisikia. Nilichanganya unga wa jiwe lilelile na gundi ya epoksi, nikaunganisha, nikapiga msasa hadi mstari ukapotea mkavu. Ukilowa ulionekana. Mwenye hoteli alimwaga maji, akauona, akakataa. Nilirudisha malipo ya mwanzo, na kodi ya miezi miwili nikailipa kwa kuchonga vibakuli.

Jiwe hustahimili kubanwa kuliko watu wanavyodhani, lakini halistahimili kukunjwa wala kuvutwa. Hilo nililijua tangu utotoni, na bado nililiacha kwa sababu ya kupenda picha iliyokuwa kichwani mwangu. Jibu lilikuwa juu ya barafu ya yule mzee wa Lamu. Pweza akitoka majini huinua mkono kwa shida. Hana mfupa. Anajimwaga, mkono juu ya mkono, yote imeegemea mwili, na hakuna unaoning'inia peke yake. Umbo lile ndilo jiwe linaloweza kulibeba. Nilikwenda pale Alhamisi nne mfululizo na daftari na donge la udongo, nikimfinyanga kabla hajauzwa. Niliona kwamba mikono haina unene mmoja kama kamba. Inaanza minene na kuisha kama mkia wa panya, na vile vikombe vyake vya kunatia, safu mbili, vinapungua pamoja nayo hadi kuwa kama mbegu za mchicha. Mzee alinisahihisha jina pia. Sisi wa bara tunasema mikono. Wao wanaiita minyiri.

"Lakini huyu amekufa," aliniambia siku moja. "Nenda ukamwone nyumbani kwake."

Nilienda mwaka 2018, kwa treni, mwaka mmoja baada ya reli mpya kufunguliwa. Mzee alinichagulia tarehe kwa kuhesabu mwezi: nifike wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kabisa na miamba ikabaki wazi. Kule Kwale nilitembea na mama mmoja anayewinda pweza kwa ufito, maji yakitufika magotini, yeye peku kwenye makali ambayo mimi niliyakanyaga kwa raba na kuogopa.

"Shikamoo, mama. Unawaonaje? Mimi naona mawe tu."

"Marahaba, mwanangu. Usitafute pweza. Tafuta mlango wake."

Mlango ni tundu lenye takataka mbele: magamba ya kaa, vipande vya chaza, vyote vimemwagwa nje kama makombo. Alininyooshea ufito. Nilitazama tundu lile muda mrefu sana. Kisha kipande cha mwamba kikapumua. Alikuwa na rangi ya mwamba na chunusi za mwamba, na alipojisogeza niliona kitu ambacho barafuni sikuwahi kukiona: kati ya mnyiri na mnyiri, kuelekea shinani, kuna ngozi inayowaunganisha kama kitambaa cha mwavuli. Ilifunguka ikafumba. Nilimwomba mama asimchome, nikamlipa thamani yake. Alinishangaa, lakini akakubali, tukasimama pale mpaka maji yakaanza kurudi.

Ngozi ile iliniondolea tatizo la jiwe. Shina la minyiri halihitaji kutenganishwa. Naacha jiwe jembamba kati yake, na lile jiwe linashikilia kila kitu.

Sikurudi na gamba hata moja. Magamba matupu yana wapangaji, wale kaa wadogo wasio na ganda la nyuma, na ndani ya hifadhi za bahari kuyachukua ni kosa. Nilirudi na madonge ya udongo yaliyofinyangwa, yamefungwa kwenye magazeti mabichi, na askari wa stesheni aliyafungua moja baada ya jingine.

Tumbawe nimelijaribu kwenye jiwe la Ndarugu, haya ya kijivu tunayojengea nyumba Nairobi nzima. Ni jiwe la volkeno, lina vitundu, nikadhani vitundu vitanisaidia. Vilisaidia kwa jicho, lakini jiwe linamomonyoka kwenye kingo na linakula patasi kama jambazi. Nimeacha, ila nina vipande viwili mlangoni ambavyo vimeota kuvumwani na sasa vinafanana na tumbawe kuliko nilivyoweza mimi. Jakaranda ndiyo imenipa zaidi. Lile tunda lake likikauka linafunguka vipande viwili, bapa, ukingo umejikunja, na ukilichonga kubwa kwa jiwe la kijivu kila mtu anakuambia ni chaza. Naliokota barabarani, chini ya miti.

Na vumbi. Mama yangu alikohoa miaka mingi, na wanawake wengi niliokaa nao karaini walikohoa. Tuliona ni baridi. Sasa sichongi kikavu isipokuwa ile mikato ya mwanzo, na nikishika grainda navaa barakoa nzito ya kuchuja, si kitambaa, na kijana wangu anakaa ndani. Msasa wote ni wa maji. Maji yakikatika mtaani nanunua mitungi, na kama hakuna mitungi siku hiyo sichongi. Wasichana wawili wanaojifunza kwangu wameona ni ukali. Nimewaambia hapana mjadala.

Yule kome wa pili nilimpelekea mzee akiwa hajapakwa hata nta. Alifuta mikono kwenye aproni, akampokea, akamshika ncha juu. Akatazama mdomo. Hakusema kitu. Kisha akafumba macho, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu mwingine, akapitisha kidole gumba kutoka ncha, polepole, akizunguka, mpaka kikafika kwenye lile tuta. Kikasimama.

"Hapa alipumzika," akasema.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Labda njaa. Labda maji yalikuwa baridi." Kidole kikaendelea hadi mdomoni. Akamweka mezani kando ya yule wa kweli, karatasi zake nusu chini ya huyu na nusu chini ya huyu, akachukua kisu akaendelea kumpaa magamba samaki wa mteja, changu. Nilipotaka kuondoka akasema bila kuinua kichwa, "Pweza je?"

Jiwe la pweza limekaa ndani ya pipa tangu Jumatatu, jeusi lenye mawingu ya kijivu, zito kiasi kwamba lilihitaji mbao mbili na jirani. Udongo wake uko tayari, minyiri imelaliana, ngozi ya shinani imefumba. Kesho jua likitoka nitalitoa, nilimwagie maji mara ya mwisho, nivute kigoda nikae nalo mpaka likauke.